Kopo, duko au hausingi mpya: tathmini ya kupaka upya ganda la Game Boy Advance ukiwa Malindi

Jibu la haraka kwa asiye na subira ya kusoma hadi chini: rangi ya kopo inatosha, klia (pako la juu lisilo na rangi) ya kawaida ya kopo haitoshi. Ganda la Game Boy Advance, ile gemu ya mkononi ya Nintendo, lililopakwa hapa Malindi na kumaliziwa kwa klia ya kawaida ya kopo hupendeza wiki mbili. Baada ya hapo, pale viganja vinaposhika, kushoto na kulia, panaanza kunata, kisha kupauka, kisha kubanduka. Jasho, mafuta ya nazi mikononi na chumvi ya hewani havina mchezo. Kwa hiyo swali la tathmini hii si rangi ipi inapendeza machoni. Swali ni ipi itavumilia mikono ya mtoto anayecheza huku anakula viazi karai.

Njia zinazolinganishwa ni tatu: kopo la kupuliza la duka la vifaa vya ujenzi, duko ya wauza rangi za magari inayopulizwa kwa bunduki ndogo, na hausingi mpya ya kuagiza iliyokuja na rangi yake. Gemu yenyewe ni ile ya mwaka 2001, AGB-001, ya betri mbili za AA. Mengi yanafaa pia kwa Game Boy Color ya 1998 na kwa Game Boy Advance SP ya 2003, ila SP ina bawaba, na rangi kwenye bawaba hukwanguka hata ufanye nini. Iache bila rangi.

Kuifungua

Nyuma kuna skrubu saba: sita za pembe tatu, na moja ya msalaba iliyojificha ndani ya nyumba ya betri. Wengi husahau hiyo ya mwisho, wakavuta kwa nguvu na kupasua ganda. Bisibisi ya pembe tatu, ya umbo la Y, haikai madukani. Mafundi simu wanayo, lakini wengi wana ile ya iPhone, na hiyo ni ndogo mno, itazunguka bure na kula kichwa cha skrubu. Uliza kubwa yake, ya milimita 2 hadi 2.5. Ile hila ya kuyeyusha mkia wa kalamu ya biki na kuugandamiza kwenye skrubu inafaa kwa skrubu zinazotoka kwa hiari. Zilizoshika kutu, na huku pwani ndizo nyingi, zitaukata mkia humo humo ndani, na utabaki na kazi mbili badala ya moja.

Fanyia kazi ndani ya sinia. Vibonye vya L na R vina springi na vijiti vyembamba vya chuma, na springi moja ikiruka mchangani imekwenda. Bodi imeshikwa na skrubu tatu za msalaba. Utepe wa skrini hutolewa kwa kusogeza kibanio chake kidogo, kwa kucha pande zote mbili. Ukikichokonoa kwa bisibisi kitavunjika, na ganda zuri bila skrini ni pambo la kabati tu.

Kioo cha mbele, ambacho kwa kweli ni plastiki, kiondoe. Usikizibe kwa tepu ukapaka juu yake. Kipashe kwa mashine ya kukaushia nywele dakika moja au mbili, halafu kisukume kutoka ndani. Stika ya nyuma yenye namba haitoki nzima, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kuziba: bandika tepu ya karatasi, fuatisha ukingo wake kwa wembe mpya, ondoa ziada.

Kuosha, na habari ya maji ya kisima

Sabuni ya vyombo, maji vuguvugu, mswaki wa zamani. Hilo kila mtu analijua. Lisilosemwa ni maji ya kusuuzia. Maji ya visima vingi vya mwambao yana chumvi na chokaa, yakikauka yanaacha utando mweupe usioonekana hadi rangi ianze kubanduka juu yake. Suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua au ya chupa. Nusu lita inatosha ganda zima.

Baada ya hapo piga msasa wa maji namba 600 hadi mng'ao wa zamani upotee wote, malizia na 800. Sehemu inayong'aa iliyobaki ndiyo itakayobanduka kwanza. Kwenye kingo na kwenye midomo ya matundu ya vibonye pitisha msasa kwa kidole, bila kutumia kibao, maana plastiki huliwa upesi hapo. Mikwaruzo mirefu ijaze kwa puti laini ya magari, nyembamba kama karatasi, kisha 400, kisha 600.

Futa kwa spiriti. Ya duka la dawa inafaa, ila soma chupa kwanza: kama ina mafuta ya nyonyo, iache, inaacha utando. Tangu hapo shika kwa glavu. Alama moja ya kidole chenye mafuta ya nazi inatosha kutoboa rangi nzima, tutafika huko.

Halafu kuna praima (tabaka la msingi) ya plastiki, kile kikopo kisicho na rangi unachoambiwa ni lazima. Si lazima. Hiyo imetengenezwa kwa plastiki zisizoshika rangi, kama zile za bampa za magari. Ganda la Game Boy Advance ni ABS, aina ya plastiki ngumu, na ABS iliyopigwa msasa vizuri inashika praima ya kawaida ya kijivu bila msaada. Pesa hiyo iweke kwenye klia.

Kopo la kupuliza

Ni la mililita 400, linatosha maganda kadhaa, na rangi ziko nyingi. Faida yake ni kwamba halihitaji kompresa wala kuomba nafasi karakanani kwa mtu. Hasara yake ni kichwa: kinatoa feni pana na rangi nyingi kuliko kitu chenye urefu wa sentimita 14 na nusu kinavyohitaji. Ndiyo maana makosa mengi hutokea kwenye pembe za juu karibu na L na R.

Tikisa dakika mbili nzima kuanzia unaposikia gololi ikigonga. Kama kopo lilikaa mahali pa baridi, liweke dakika tano kwenye beseni la maji vuguvugu. Motoni kamwe, wala juani kwenye bati: makopo yenyewe yameandikwa yasipite nyuzi 50. Anza kupuliza nje ya ganda, pita, malizia nje ya ganda. Ukianzia juu ya ganda, tone la kwanza linalotemwa na kopo litatua katikati ya kazi yako. Umbali sentimita 20 hadi 25. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, uwe vumbi tu, uone bado praima chini. Subiri dakika 10. Wa pili ufunike nusu, wa tatu ufunike wote. Anayetaka kufunika yote kwa mkono mmoja ndiye anayerudi kuuliza kwa nini rangi inalia machozi.

Rangi ya manjano, nyekundu na zile kali za vitambaa vya leso zinahitaji mkono mweupe chini yake. Nyekundu juu ya praima ya kijivu inakuwa rangi ya tofali lililonyeshewa. Rangi za fedha na lulu hazipigwi msasa kabla ya klia, maana vipande vya metali vilivyolala vizuri vikikwaruzwa vinageuka madoa meusi. Kosa likitokea kwenye fedha, subiri ikauke na urudie mkono mmoja mwepesi juu ya upande mzima, usijaribu kuziba doa peke yake.

Alama: 3 kati ya 5 ukimalizia kwa klia ya 2K (ya sehemu mbili, klia na hadena ya kuigandisha), 1 na nusu ukimalizia kwa klia ya kopo la kawaida.

Tahadhari ya pembeni: usishawishike na rangi ya mafuta kwa sababu imebaki kidogo kwenye mkebe wa mlango au wa mashua. Ni ngumu baharini baada ya majuma, lakini kwenye ganda inachukua siku kukauka, inakaa laini, na kiganja chenye joto kinaiacha na alama za vidole hata baada ya mwezi. Alama: sifuri.

Duko na bunduki ndogo

Hii ndiyo iliyoshinda. Muuza rangi za magari anakuchanganyia rangi yoyote, hata ya zambarau ile ile ya kiwandani ukimpelekea kifuniko cha betri kama sampuli. Usinunue lita. Ganda zima, mbele, nyuma na kifuniko, eneo lake halifiki hata robo ya mita mraba. Mililita 30 za rangi iliyokwisha kuchanganywa na thina zinatosha mikono mitatu na kubaki. Ukifika dukani sema wazi: "Ami, nataka duko mililita hamsini, na thina ya polepole, si ya haraka." Hilo neno la mwisho ndilo muhimu kuliko yote kwa mji huu, sababu yake inakuja kwenye makosa.

Changanya duko na thina sawa kwa sawa, kwa sindano ya duka la dawa isiyo na ncha, usikadirie kwa macho. Bunduki ya kupakia milango ya gari yenye pua ya milimita 1.4 ni kubwa mno. Omba ile ndogo ya viraka, pua ya 0.8 hadi 1.0, upepo wa ba (kipimo cha msukumo wa hewa) 1.5 hadi 2. Na kabla fundi hajagusa kifyatulio, mwombe afungue koki ya chini ya tangi la kompresa atoe maji. Hewa ya Malindi ikibanwa inatema maji kama sponji, na tone moja likipita kwenye mpira, linakuacha na malengelenge.

Ubaya wa rangi yenyewe ni mmoja: thina ya duko inakula ABS. Mkono wa kwanza ukiwa mzito na praima ikiwa nyembamba, plastiki inavimba na kupasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Piga mikono miwili ya praima, iache usiku kucha, na mkono wa kwanza wa duko uwe vumbi kavu.

Ubaya wa pili hauko kwenye rangi. Karakana za magari zimejaa dawa za kung'arisha tairi na dashibodi, ambazo nyingi zina silikoni. Fundi akikushikia ganda kwa mkono uliotoka kwenye tairi, kazi imeharibika kabla ya kuanza. Peleka ganda likiwa limechomekwa kwenye kijiti, mtu asiliguse.

Alama: 4 na nusu kati ya 5. Nusu imekatwa kwa sababu kumpata fundi atakayekubali kuchafua bunduki kwa kitu kidogo kama mkate wa bofulo si kila siku.

Hausingi mpya

Hii haina mengi. Unaagiza, inakuja kwa kifurushi, hakuna harufu wala msasa. Rangi iko ndani ya plastiki yenyewe kwa hiyo haibanduki. Lakini milango ya skrubu, yaani matundu yake, mara nyingi imebana, vibonye vinakaa juu au chini ya pale vilipozoea, na ile hisia ya ganda la asili haipo. Kabla ya kukaza, ingiza kila skrubu tupu na kuitoa mara moja ili ijikatie njia. Kwa ganda lililopasuka, hii ndiyo njia. Kwa ganda zima lililogeuka manjano tu, ni kupoteza kitu cha asili. Alama: 3.

Klia

Klia ya 2K ni sehemu mbili za klia kwa moja ya hadena na thina kidogo, kama asilimia 10. Kwa ganda moja: mililita 20, 10, na 2 hadi 3. Soma mkebe, maana kuna zinazotaka vipimo vingine. Hadena ikizidi, klia inakuwa kavu na kupasuka. Ikipungua, inabaki laini na umerudi ulikotoka. Piga mkono mwepesi, subiri dakika 10, kisha mkono mmoja ulioloa. Miwili inatosha. Wa tatu utakulilia kwenye vibonye.

Kuna 2K ya kopo pia, yenye kitufe cha kupasulia hadena chini yake. Ni ghali, na ukishakipiga kitufe una siku moja au mbili tu kabla haijagandia ndani. Inafaa wakiwa watu watatu wanne wenye maganda tayari siku moja.

Hadena ya 2K ina isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu. Barakoa ya kitambaa au ile ya bluu ya hospitali haizuii chochote. Inatakiwa barakoa ya mpira yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, na mwenye pumu asikae karibu kabisa. Wanaoipuliza kwa leso puani wapo wengi. Usiwaige.

Makosa, na jinsi ya kuyatoa

Kupauka ndiyo kosa la mji huu. Unapuliza, inang'aa, unageuka kuchukua kopo, ukirudi kuna ukungu mweupe kama umepakwa majivu. Thina ikiruka haraka inachukua joto na kuupoza uso wa rangi, na unyevu wa hewani unatua hapo kama umande kabla rangi haijafunga. Unyevu wa Malindi mara nyingi unapita asilimia 75, na kwa duko yenye thina ya haraka hapo umeshachelewa. (Usitumie soda baridi kama kipimo. Huku chupa inatoka jasho mwaka mzima.) Ndiyo maana ya thina ya polepole: uso haupoi ghafla, unyevu hauna pa kutua.

Wakati mzuri ni kaskazi, hasa Januari hadi Machi, kati ya saa nne na saa sita mchana. Alfajiri unyevu uko juu kabisa. Alasiri upepo wa bahari unasukuma chumvi na mchanga. Magharibi unyevu unarudi pamoja na wadudu wanaofuata taa. Mvua ya masika ya Aprili hadi Juni, acha tu, hata uwe na haraka gani. Wakati wa kusi tafuta chumba kilichofungwa chenye dirisha la upande usio wa upepo, na kisiwe cha makuti. Makuti yanadondosha unga siku zote, na hutauona hadi utue kwenye klia.

Iliyokwisha kupauka mara nyingi inaokolewa. Kama ni kidogo, subiri siku ya jua, pitisha mkono mmoja mwembamba wa thina ya polepole tupu, umbali wa sentimita 30. Rangi inafunguka, unyevu unatoka, mng'ao unarudi. Usipitishe mara mbili, itatiririka. Kama ni rangi ya chini na klia bado, wakati mwingine klia yenyewe inaufuta ukungu. Puliza nyuma ya kifuniko cha betri kwanza uone.

Kujikunja ni kubaya zaidi. Rangi inanyanyuka na kujikunjakunja kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Sababu ni mkono wa juu wenye thina kali kuingia kwenye mkono wa chini ambao umekauka juu lakini mbichi ndani. Makopo mengi yameandikwa: rudia ndani ya saa moja au baada ya saa 24 na zaidi. Kati ya hapo ndiko kwenye hatari, na huku, ambako unyevu unachelewesha ukaukaji, ongeza hizo saa 24 maradufu. Sababu nyingine ni duko au 2K juu ya rangi ya mafuta. Kinyume chake kinawezekana, hiyo haiwezekani. Rangi iliyojikunja haizibiki kwa rangi nyingine. Iache siku tano hadi saba iwe ngumu, piga msasa 400 hadi ufike chini palipo imara, au ivue yote.

Vishimo vya mviringo, ambapo rangi inakimbia na kuacha jicho wazi, ni mafuta au silikoni. Kupuliza zaidi kunaongeza ukubwa wa jicho. Simama hapo hapo. Kama ni rangi mbichi, futa yote kwa spiriti, osha, anza tena. Kama ni klia ya 2K, acha ikauke, piga msasa, futa vizuri, rudia kwa mikono ya vumbi.

Machozi usiyaguse yakiwa mabichi. Kidole kitayageuza kuwa shimo. Acha siku mbili (kwa klia ya 2K siku moja), kata kilele chake kwa wembe uliolazwa, sawazisha kwa msasa wa maji 1000 uliofungwa kwenye kifutio, kisha 1500. Uso wenye mabonde madogo kama ngozi ya balungi umetoka kwa kupuliza mbali mno, au thina kidogo, au ba ndogo. Kwenye klia unaondoka kwa 1500, 2000 na kompaundi ya kung'arisha. Usiwe na tamaa kwenye kingo: hapo klia ni nyembamba na 2000 inaweza kukupeleka hadi praima kwa mapito kumi.

Uso mkavu kama msasa wenyewe ni rangi iliyokauka hewani kabla ya kutua. Upepo, au umbali. Mkono mmoja wa karibu zaidi unaufuta.

Mstari wa tepu wenye meno ni rangi iliyopenya chini. Kwa ganda la rangi mbili, baada ya kubandika tepu, puliza kwanza rangi ile ile ya chini kwenye ukingo. Ikipenya itakuwa rangi ile ile, na nafasi imeshazibwa, rangi ya pili haina pa kupenya. Vua tepu rangi ikiwa bado laini, kwa kuikunjia nyuma yake yenyewe, si kuivuta juu. Usiiache juani: gundi yake inayeyuka na kubaki.

Kuivua rangi yote

Kwanza yasiyofaa, maana ndiyo yaliyo karibu zaidi na mkono. Asetoni inayeyusha ABS, na dawa nyingi za kuondoa rangi ya kucha ndizo hizo. Thina, hivyo hivyo. Petroli inaleta nyufa. Dawa kali za kuvua rangi za mbao na chuma, zile za gundi zinazounguza ngozi, zitakuachia ganda kama ubani uliotafunwa.

Kwa rangi za kopo za akriliki, Dettol ya kahawia isiyotiwa maji inafanya kazi ya ajabu. Jaribu kwanza ndani ya kifuniko cha betri nusu saa. Chembe ya maji isiwe karibu. Loweka ganda saa nne hadi usiku kucha, kisha sugua kwa mswaki ndani ya Dettol hiyo hiyo. Hapa ndipo watu wanaharibu: wanapeleka kwenye bomba. Maji yakigusa rangi iliyolegea inageuka ute mzito unaonata kila mahali, na kuutoa ni kazi kuliko kuanza. Sugua hadi mwisho, futa kwa kitambaa chenye Dettol safi, ndipo sabuni na maji. Spiriti ya isopropili ya asilimia 90 na zaidi nayo inafaa. Mafuta ya breki ya DOT 3 yanavua pia, ila yakikaa muda mrefu plastiki inakuwa dhaifu, na milango ya skrubu ndiyo inayovunjika kwanza.

Klia ya 2K iliyokwisha kukauka haivuliwi na chochote kati ya hivyo. Ni msasa tu. Ndiyo sababu hakikisha rangi ya chini inakuridhisha kabla ya kuifunga.

Kukausha na kurudisha

Jua la moja kwa moja linafunga uso kabla thina ya ndani haijatoka, na inapotoka inatoboa vijitundu. Acha ganda kivulini saa moja mahali penye hewa hadi harufu ipungue sana, ndipo uliweke kwenye karatoni lenye balbu ya waya ya wati 40, umbali wa sentimita 30, joto lisizidi nyuzi 40. Balbu ya LED haifai, haina joto la kutosha. Kuharakisha saa hiyo moja ya mwanzo ni kuweka mvuke wa thina na balbu ya moto ndani ya karatasi. Moto wake ni wa haraka. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, vitie humo.

Kwa duko na 2K siku mbili zinatosha kushika, saba kufunga. Jaribu kwa kucha ndani ya nyumba ya betri, si mbele. Ikiacha alama, bado.

Rangi yote, praima hadi klia, ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na inatosha kubana vibonye. Pitisha kijiti kilichozungushiwa msasa 1000 ndani ya tundu la A na B na la msalaba, mizunguko mitatu, minne. Reli za kifuniko cha betri, njia ya kaseti na mfereji wa vibonye vya L na R vilitakiwa kuzibwa tangu mwanzo. Kama havikuzibwa, kwangua sasa kwa wembe, maana kifuniko kitakachoingia kwa nguvu kitavunja ulimi wake mdogo, na huo haupatikani peke yake. Skrubu rudisha kwa kuzungusha kinyume kwanza hadi usikie inadondoka kwenye njia yake ya zamani, kisha kaza kwa vidole viwili. Kioo cha mbele kibandike mwisho kabisa, siku ya saba, kwa sababu mvuke wa klia changa ukifungiwa chini yake unaacha ukungu upande wa ndani, na hapo itabidi ukivue tena.